Kumleta Mama wa Mikono Kumi kutoka Kipese

Wenzangu waimbaji wa koro ya kanisa, tangu nirudi mmeniuliza swali lile lile kwa njia nyingi: ni kweli nilibeba sanamu ya Wahindi mapajani kutoka milimani hadi Beni? Kila aliyeniuliza nilimpa kipande. Vipande hivyo mmeviunganisha wenyewe, na sasa nasikia eti sanamu ilisema nami njiani. Haikusema. Naandika yote kwa mpangilio, ili mkinihukumu mnihukumu kwa habari nzima.

Sababu ya kutoka Beni

Mama Shikha mnamfahamu, mke wa Papa Tapan mwenye duka la dawa karibu na karakana yangu ya ushonaji. Mimi ndiye humshonea zile blauzi fupi anazovaa chini ya sari. Mwaka jana mume wake alipeleka dawa kaskazini ya Oicha, barabara ikafungwa nyuma yake, na kwa siku tisa hakuna aliyejua kama yu hai. Wakulima wa kakao walimficha nyumbani kwao. Alirudi siku ya kumi, amekonda lakini mzima. Tangu siku hiyo hajavuka geti la nyumba yake. Duka analiendesha mkewe, kinyozi humfuata ndani. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alipofariki, Papa Tapan alisimama nyuma ya geti akalia hapo hapo, jeneza likapita.

Katika zile siku tisa Mama Shikha aliweka nadhiri: mumewe akirudi, atampokea Mama nyumbani kwake, wa udongo, si picha ya karatasi. Mama huyo ni Durga, mungu wao mwenye mikono kumi. Kwao Bengali hufinyangwa kila mwaka, huabudiwa siku tano, kisha hubebwa hadi mtoni na kuachwa ayeyuke.

"Wa kumubeba mpaka ku maji ni mwanaume wa nyumba," aliniambia, macho yake yakiwa kwenye geti. "Na ku nyumba hii mwanaume ni Tapan peke."

Hapo nikaelewa nadhiri ile ilikuwa inatafuta nini. Mdomo wangu, ambao mnaujua, ukasema kabla sijafikiri: shangazi yangu wa Kipese ni mfinyanzi. Picha ikatumwa kwa simu ya jirani yake, na maelezo nikayatoa mimi. Udongo usichomwe, ukauke kwa jua tu. Ngumi tisa ziwe na tundu, maana silaha za bati zitatengenezwa Beni. Mkono wa kumi ubaki wazi. Kisha, kwa kunogesha tu, nikamweleza shangazi kile Mama Shikha alichonieleza: kwamba Durga ni binti aliyeolewa mbali, na siku hizo tano ndizo anazorudi kuwatembelea wazazi wake. Ningejua maneno hayo yangenipeleka wapi, ningenyamaza.

Kupanda hadi Kipese

Ya kwenda sitawachosha nayo. Nilipita Butembo na Lubero kwa magari mawili na pikipiki moja, na kadiri tulivyopanda ndivyo nilivyoongeza nguo, hadi nikafika kwa shangazi Masika nimevaa kila nilichobeba. Alinikalisha jikoni karibu na moto akanipa maharage yaliyopikwa pamoja na viazi, yale mazito ambayo kijiko husimama chenyewe. Nilikula sahani mbili. Alikuwa amenuna, lakini aliningoja nishibe kwanza ndipo aanze.

"Kavira, budongo bila moto iko budongo tu," alisema. "Miaka yangu yote sijatoa kintu ku nyumba hii bila kuunguza. Batu batasema Masika amezeeka."

Nikamwambia hata Wahindi hawachomi, kwa sababu lazima ayeyuke.

"Njo kusema, kazi yangu wanaenda kutupa mu maji?"

"Kwa heshima, shangazi."

"Heshima gani hiyo," alisema, akanipeleka kumwona.

Alikuwa amesimama ghalani kati ya vyungu, kimo cha mtoto wa miaka mitatu. Uso ulikuwa laini, bila macho, kwa sababu macho huchorwa na wenyewe siku ya kwanza ya sikukuu. Mikono ilitoka mabegani kama majani ya mgomba, na kila kiganja kilikuwa kimefungwa kitambaa kisivunjike. Chini ya mguu wake palikuwa na simba mwenye sura ya paka aliyeshiba, maana shangazi hajawahi kuona simba. Nyati wa pembeni alikuwa nyati kweli.

"Nyati alifanya nini?" aliuliza.

Nilimsimulia nilivyosikia. Kulikuwa na pepo mwenye umbo la nyati aliyewashinda miungu wote. Walipochoka, kila mmoja alitoa silaha yake, wakampa mama mmoja, na ikabidi awe na mikono ya kutosha kuzishika. Shangazi alisikiliza huku akifuta vumbi kwenye bega la udongo.

"Donc banaume balishindwa, njo bakaita mama. Halafu bakamupa bintu byote abebe yeye."

"Ndivyo."

"Hiyo naelewa," alisema. Kununa kukaisha.

Asubuhi binamu zangu wanne walimlaza kwenye tipoyi, kile kitanda cha miti tunachobebea wagonjwa, wakamshusha hadi barabarani. Shangazi alinipa mfuko wa udongo ule ule mbichi kwa ajili ya kuziba nyufa. Hakuniambia neno lingine, na mimi sikufungua vile vitambaa vya viganjani.

Lubero, na dereva aliyekataa

Papa Saidi alikuwa akipakia viazi Lubero. Wengi mnamjua kwa ndevu zake na kwa Fuso lake la bluu. Ni Mwislamu wa hapa hapa Beni, baba yake alikuwa msafirishaji na babu yake pia. Tulikuwa tumekubaliana nafasi ya kabini, mimi na mzigo mmoja. Mzigo wenyewe sikuwa nimeutaja kwa jina, na hilo ni kosa langu.

Aliinua kona ya blanketi, akahesabu mikono, akaifunika tena.

"Miye Mwislamu, Kavira. Viazi nabeba, batu nabeba, ng'ombe nimesha kubeba. Sanamu hapana."

"Mimi ni Mprotestanti, Papa Saidi. Unadhani kwangu ni rahisi?"

"Njo tubaki bote babili."

Nikamwambia ni ya nyumba ya Papa Tapan, na nikamweleza nadhiri na geti. Aliwaangalia wapakiaji wake. Ndipo akaniambia jambo ambalo sikulijua. Siku ile ya kaskazini ya Oicha, gari lake lilikuwa nyuma ya gari la Papa Tapan. Yeye alisikia milio ya risasi akageuza. Papa Tapan hakuwahi kugeuza.

"Niligeuza," alirudia. "Sikuangalia nyuma."

Akafungua mlango wa kabini akasogeza thermos yake ya chai. "Miye nabeba budongo. Mungu anajua budongo ni budongo. Lakini ile Ijumaa, saa ya sala, niko Beni. Ukichelewa unabaki na mama yako ku njia."

Ilikuwa Jumatano. Hata mimi nilimhitaji afike Ijumaa, maana jioni hiyo ndiyo ya kuchorwa macho, na siku hizo hazisubiri gari. Nikapanda, nikampakata Mama wa udongo.

Lubero hadi Butembo, na tope katikati

Mvua ilitukuta kabla ya saa sita. Mnajua mvua ya milima ile: hainyeshi, inamwagwa. Kabini ilivuja juu ya kichwa changu. Nilivua kikwembe changu cha pili nikamfunika, kisha koti, kisha nikainama juu yake mimi mwenyewe. Kila tone lilikuwa adui. Papa Saidi aliendesha kwa mkono mmoja, kwa mwingine akiziba tundu la paa kwa kitambaa cha kufutia kioo, na hakulalamika.

Kwenye bonde moja tukakuta malori yamekwama, labda kumi na mawili, sisi wa mwisho. Lori la mbele lilikuwa limezama hadi ekseli. Tukakaa. Saa moja, mbili, tatu. Mama mmoja alipita na sufuria ya mahindi ya kuchemsha akachungulia dirishani. Aliniona nimelowa, nimeinama, nimekumbatia kitu kilichofungwa blanketi toka juu hadi chini, urefu wa mtoto.

"Pole sana, mama," alisema kwa sauti ya chini.

Nikadhani ni pole ya mvua. "Asante, mama. Ndiyo hali."

"Ni wa ngapi?"

Nikadhani anauliza mahindi. Nikamwambia mawili, nikampa noti. Aliikataa noti, akaniachia mahindi matatu kwenye ukingo wa dirisha akaondoka huku akijifuta macho. Niliona ni ukarimu wa ajabu, nikala.

Muda si muda wakaja wanaume na majembe na kamba. Hawakuenda kwenye lori la mbele, walikuja kwetu. Mmoja akamwambia Papa Saidi: "Papa, maiti haingojake tope. Tutakupitisha pembeni." Nikasikia lakini sikushika. Walichimba ukingo, walikata miti wakaitandika, wakasukuma. Watu thelathini hivi, matope hadi kiunoni, waliliinua Fuso na viazi vyake wakalipitisha mbele ya malori yote. Madereva wengine walizima injini na kuvua kofia. Tulipotoka upande wa pili wanawake wakaanza kuimba, na ule wimbo mnaujua, ni ule tunaouimba kaburini.

Hapo ndipo akili ilipofika. Nilimtazama Papa Saidi, naye alikuwa anatazama mbele.

"Hapana sema kintu," alisema bila kufungua meno. "Tunaenda."

Ndugu zangu, wimbo ule nimeuongoza mara ngapi katika mji huu. Nimeuongoza kwa watoto wenye majina, wengine mama zao mko humu humu kwenye koro. Niliona aibu. Nikafungua mlango nikashuka naye mikononi, nikawaambia: sio maiti. Ni sanamu ya udongo ya mama mmoja wa Beni, ya nadhiri yake. Sikusema nimebeba maiti, lakini sikuuliza pia kwa nini mnanipitisha. Mnisamehe.

Niliwaona wakitazama nguo zao. Nilifikiri watanipiga, na kwa kweli nisingewalaumu. Kisha yule mama wa mahindi akasogea.

"Onyesha," alisema.

Mvua ilikuwa imekatika. Nilimsimamisha kwenye gogo nikamfunua. Watu wakazunguka. Mwanamume mmoja alisema ni uchawi, mwingine akamwambia uchawi haufungwi blanketi vizuri hivyo. Mikono ikahesabiwa kwa sauti.

"Kumi ni juu ya nini?" mama wa mahindi aliuliza.

Nikarudia habari ya nyati na ya miungu walioshindwa. Wanawake wakatazamana. "Miye niko na mbili," alisema mmoja mwenye mtoto mgongoni, "na kazi ni ya kumi. Huyu mama iko sawa."

Wakataka kuona viganja. Nikafungua kitambaa kimoja kimoja: ngumi, tundu, ngumi, tundu. Nilipofungua wa kumi, ule uliotakiwa kuwa wazi, nikakuta vidole vimekunjwa taratibu juu ya kitu cha duara chenye vijicho. Kilikuwa kiazi. Kiazi cha udongo, kimefinyangwa vizuri kuliko simba.

Mama wa mahindi alianza kucheka, na kicheko kikaenda kwa wote, hata wale wenye matope. "Muhindi gani huyu," alisema, "huyu ni mutoto wa Lubero."

Kwa kicheko hicho walitusamehe. Mimi peke yangu sikucheka. Nilipanda kilima hadi mahali penye mtandao nikampigia shangazi kwa simu ile ya jirani yake.

"Weye mwenyewe ulisema ni mutoto mwanamuke anarudi kwabo," alijibu, wala hakuonekana kushtuka. "Mutoto aolewe mbali, akose kwabo mwaka muzima, kisha afike mukono mutupu? Mama yake atamuangalia na macho gani? Sikupenda bamucheke."

Nimelelewa katika nyumba ile ile. Mimi mwenyewe sijawahi kupanda Kipese bila chumvi na sabuni. Mkono mtupu haulambwi, na kwetu binti anayerudi nyumbani mikono mitupu huonekana ameharibikiwa ndoa. Shangazi alikuwa amemwokoa mungu wa watu na aibu.

Butembo, siku ambayo hatukuipanga

Tuliingia Butembo jioni, na asubuhi Papa Saidi akagundua chuma cha springi kimevunjika kule topeni. Alhamisi nzima ikaenda kwa fundi. Butembo ilikuwa na ukungu wake, na pikipiki zake, na watu wake ambao hata salamu wanakupa wakitembea. Mimi nilikaa kwa Mama Zaina, dada yake Papa Saidi, anayeuza vitenge.

Swali la kwanza lilikuwa: mgeni huyu alale wapi? Si chumba wanachosalia, hilo lilieleweka. Nikasema jikoni nje panatosha.

"Jikoni moshi na paka," Mama Zaina alisema. "Miye siamini yeye. Lakini ameletwa ku nyumba yangu, iko mugeni." Akatoa marobota mawili ghalani, akamwekea mkeka, akafunga mlango kwa kufuli. Kisha akarudi kuuliza kama anapaswa kuelekezwa upande fulani. Sikujua. Tukamwelekeza dirishani.

Alipoondoka kwenda sokoni aliniachia ufunguo, nikaingia ghalani na kisu kidogo. Nia yangu ilikuwa kutoa kiazi, kuunyosha mkono, na shangazi asijue wala Mama Shikha asijue. Nilianza taratibu. Lakini shangazi alikuwa amevijenga vidole juu ya kiazi, si kiazi ndani ya vidole. Kisu kilipogusa, ufa ukatembea toka kidole gumba hadi kiwiko. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, nami nikakaa saa mbili nikiziba kwa udongo wa mfukoni na mate, nikimwomba Mungu wangu msamaha kwa kumharibu mungu wa mwenzangu. Sijui kama sala ya namna hiyo ina mlango wake. Mkono ulishika, na kiazi kikabaki.

Jioni nikampigia Mama Shikha. Nilimwambia tumechelewa, springi, tope, kesho tutafika. Aliuliza, "Na yeye, iko muzima?" Nikasema mzima. Alishukuru mara tatu, na mimi neno kiazi halikunitoka. Niliogopa tu, sina jina lingine la kuupa woga ule.

Butembo hadi Beni

Tulitoka alfajiri ya Ijumaa. Mahali fulani njiani tukasimamishwa kwenye kizuizi. Mwanajeshi mmoja, si kijana, alikuja upande wangu akanyooshea blanketi kidole, akauliza kwa Kilingala ni nini. "Mama, oyo eza nini?"

Safari hii sikungoja waone maiti. Nikafunua mwenyewe. Alitazama, uso ukafunguka.

"Huyu namujua," alisema. "Nilikalaka karibu na kambi ya basoldat Bahindi ba kulinda amani. Balikuwa na picha yake mu chumba kidogo, banamuwashia taa. Moja wao alinifasiriaka kila mukono." Akaanza kuonyesha ngumi moja moja: hapa mkuki wenye ncha tatu, hapa upanga, hapa upinde, hapa konokono ya bahari ya kupuliza, hapa gurudumu la kurusha. Nilishangaa jinsi alivyokumbuka. "Na moja iko wazi, hivi." Akainua kiganja chake mbele ya uso wangu. "Ile haina silaha. Ile inasema: hapana ogopa. Muhindi yule alisema njo mukono wa nguvu kushinda yote."

Kisha akautafuta mkono huo kwa macho, akaona.

"Na hii?"

"Kiazi," nikasema.

Alirudisha blanketi mwenyewe. "Pita, mama," alisema.

Kilomita zilizobaki sikufurahia hata moja. Ilikuwa ni mkono huo mmoja tu uliokuwa na maana kwa mtu aliyeogopa mwaka mzima, na ni huo sisi tumeuziba. Papa Saidi aliona nimeanza kulia.

"Kile kiazi, Masika alikiweka kwa bubaya?" aliuliza.

"Hapana."

"Basi sema ukweli na ungoje." Alinishusha kwenye geti la Mama Shikha, nikamwomba aingie amsalimie Papa Tapan. Alitazama geti. "Siku ingine," alisema, akaenda msikitini akiwa na dakika za kutosha.

Ndani ya geti

Walikuwepo wote wawili, na familia mbili za Kihindi zilizokuja mapema. Meza ilikuwa tayari, na silaha za bati zimepangwa kwenye kitambaa chekundu. Kabla sijafungua chochote nilisema yote: nadhiri nimeiharibu, nimemweleza shangazi habari nusu, yeye akaongeza kwa desturi yetu, nikajaribu kutoa nikapasua, nikaziba. Nilisema haraka haraka, nusu yake nadhani haikueleweka. Kisha nikafungua mkono.

Mama Shikha alipeleka vidole vyake karibu na kile kiazi, asikiguse. Mmoja wa wageni, mama mzee, alisema jambo kwa lugha yao kwa sauti ya kukataa. Wakabishana. Nilisikia neno langu, kiazi, likitembea ndani ya Kibengali.

Aliyewanyamazisha ni Papa Tapan. Alikuwa amesimama nyuma, na alizungumza Kiswahili, kwa ajili yangu nadhani.

"Kule Oicha," alisema, "walinifungia mu nyumba ya kukaushia kakao. Giza. Nilikuwa sijui kama wananificha ao wananiuza. Kila asubuhi mulango unafunguka kidogo, mukono unaingia. Siku moja muhogo, siku moja ndizi, siku moja kiazi. Bila neno. Sikuona sura ya mutu mpaka siku ya tisa." Alitazama kiganja cha udongo. "Ule mukono ukiingia, ile siku siogopi. Nikimaliza kula, naogopa tena mpaka kesho."

Mkewe alikuwa amemgeukia. Nadhani hata yeye alikuwa hajawahi kuyasikia hayo.

"Acheni vile," alisema Papa Tapan, akarudi chumbani.

Jioni ilipofika Mama Shikha akachukua brashi. Alichora jicho la kulia kwanza, kisha la kushoto, na kati yao la tatu, wima, kwenye paji la uso. Hamkuniuliza, lakini nasema: sikuabudu. Niliinama mara moja tu, kumpindia Durga pindo la sari niliyomshonea kabla ya safari. Lakini yale macho yalipomaliza kuchorwa nilisogea nyuma, kama mtu anavyosogea mwenye nyumba akiingia.

Hadi kwenye maji

Siku tatu zilizofuata nilipita kila jioni baada ya kufunga karakana. Walipuliza ile konokono ya bahari, walizungusha taa, walinilisha wali wa maziwa na dengu hadi nikaomba msamaha. Papa Tapan alikaa kila jioni kwenye kiti kimoja. Hakuna aliyemuuliza kuhusu siku ya tano. Mama Shikha alipika, alipokea wageni, na kila gari lilipopita nje alitazama geti na kisha kiti.

Jumanne alasiri wanawake walioolewa wakamuaga Durga. Walimpaka unga mwekundu kwenye paji, wakamgusisha peremende midomoni, kwa sababu binti anarudi kwa mumewe na njia ni ndefu. Mama Shikha alimnong'oneza sikioni. Kisha tukangoja. Wanaume wa zile familia mbili walisogea, wakamwangalia Papa Tapan, mmoja akaanza kukunja mikono ya shati ili abebe yeye.

Papa Tapan akasimama. Alimkumbatia kama nilivyomkumbatia mimi kwenye kabini, mikono yote kumi ikiwa mbele yake. Akatembea hadi getini. Mlinzi akafungua, na hapo akasimama.

Sijui alisimama muda gani. Mama Shikha alikuwa nyuma yake hatua mbili na hakumsukuma. Nje barabara ilikuwa ya kawaida: pikipiki, mama wa makaa, kuku. Na upande wa pili, mkono kwenye mlango wa Fuso la bluu, alikuwepo Papa Saidi. Sikumwita mimi. Alikuwa amekuja peke yake.

Walitazamana. Papa Saidi akavuka barabara, akasimama mbele yake.

"Siku ile niligeuza," alisema. "Nisamehe, Papa Tapan."

"Ningegeuza vilevile," alijibu Papa Tapan. "Gari yangu ilizimika."

Akatoka. Papa Saidi alitembea upande wake wa kushoto, hakuigusa sanamu, lakini pikipiki zilizokaribia alizizuia kwa mkono. Tulishuka bondeni, watu kumi na wanane. Mara moja Papa Tapan aliketi kwenye ukingo wa barabara kwa sababu pumzi ilimwishia; mwenye kibanda akamletea maji, akanywa, akainuka. Kwenye kijito alivua viatu akaingia hadi magotini akamlaza chali. Simba aliyeyuka kwanza. Uso ulidumu kidogo, macho yakiangalia juu, kisha maji yakawa ya rangi ya udongo wa Kipese, nikamfikiria shangazi.

Papa Saidi alikuwa ametuma mtu alete Fuso karibu, akijua kupanda ni kugumu. Lilikuwa linatungoja, mlango wazi. Papa Tapan alikamua maji kwenye suruali yake, akavaa viatu, akalitazama.

"Panda na wanawake," alimwambia mkewe. "Miye napitia ku duka kwanza."